Kitulo Katika Majira ya Okidi

Uwanda wa Kitulo, ulioko katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania kwenye kimo cha takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya mimea yake hasa, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Humo hupatikana aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, yaani zile zinazoota udongoni kati ya nyasi badala ya kushikilia magome ya miti. Mgeni anayetaka kuziona hana budi kuifuata mvua.

Kuanzia Juni uwanda hukauka, na usiku wa baridi kali huweza kuanguka sakitu, yaani umande ulioganda. Wakati huo okidi huwa hai chini ya ardhi ndani ya kiazi kilichojaa wanga, bila jani wala shina juu. Mvua zinapoanza, mnamo Novemba, kiazi hicho huchipua, na kadiri shina linavyorefuka ndivyo kinavyonywea, huku kando yake kiazi kipya kikijaa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ndiyo maana chini ya mmea uliochanua huwa na viazi viwili, cha zamani kilichokunjamana na kipya kilicho kigumu.

Maua huonekana tangu Desemba hadi Aprili, lakini kila aina ina zamu yake, kwa hiyo anayeweza kufika mara mbili katika msimu mmoja atafaidi zaidi. Inafaa kuinama na kulitazama ua kwa karibu: katika jenasi ya Satyrium, ile petali ya pekee iitwayo mdomo hukaa juu kama kofia na kuning'iniza vijimkia viwili nyuma, ilhali ua la Disa huwa na kijimkia kimoja.

Msimu huohuo ndio wa ukungu na matope. Barabara ya kutoka Chimala, kwenye njia kuu ya Mbeya na Makambako, hupanda hadi Matamba kwa kona kali zaidi ya 50, na huteleza sana. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, buti na koti la mvua ni vya lazima.

Baada ya maua, vitumba hupasuka na kumwaga mbegu laini mithili ya vumbi, zisizo na akiba ya chakula, ambazo haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu wa udongoni. Kwa hiyo kiazi kinachochimbwa na kuuzwa Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga kupikwa chikanda, si rahisi kupata mrithi. Mgeni anaombwa atembee kwenye njia zilizopo, asing'oe shina lolote, na asinunue viazi hivyo hata akiuziwa kwa bei ndogo.