Kufahamu Mashairi ya Wazee: Somo katika Al-Inkishafi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba shairi la wazee ni amana. Mwenye kulitunga amekwisha kwenda zake, na maneno yake yamebaki mikononi mwetu. Mwenye kuliimba kwa sauti nzuri asijue maana yake ni kama mtu aliyeandikiwa wasia na babaye, akautia sandukuni asiusome.

Katika mashairi ya pwani yetu, mojawapo lenye manufaa makubwa ni Al-Inkishafi, alilolitunga Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18 hatta mwanzo wa karne ya 19. Jina hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kufunuka kwa kitu kilichositirika. Mtungaji ausemeza moyo wake, auonya na hadaa za dunia, na autajia majumba ya matajiri wa Pate, yaliyokuwa yaking'ara kwa taa, kisha yakawa magofu ya kukaa popo. Shairi hili lilipigwa chapa London mwaka wa 1939 katika kitabu, walakini kabla ya hapo watu walilinakili kwa mikono yao, kwa herufi za Kiarabu.

Msomaji wa Kivinje akilishika shairi hili hukwama mahali patatu: katika lahaja, katika khati, na katika makusudio. Tutaeleza kila moja kwa utaratibu wake.

Kwanza, lahaja. Utenzi wa Vita vya Maji Maji, alioutunga Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, hautupi taabu kubwa, kwa kuwa mtungaji wake ni jirani yetu. Ama Al-Inkishafi ni ya Kaskazini, nayo imetungwa kwa lugha ya Pate na Lamu. Yatazame maneno haya, la kwanza ni lao na la pili ni letu:

mato — macho
kitwa — kichwa
nti — nchi
ndia — njia
ndaa — njaa
mai — maji
yuu — juu
zitu — vitu

Ukiyatazama vema utaona kwamba hayakugeuka ovyo. Mahali petu pa ch wao husema t. Mahali pa nj husema nd. J yetu ama huanguka ama huwa y. Na vi huwa zi. Si kila neno lifuatalo njia hiyo, lakini mengi huifuata. Basi mwenye kushika kanuni hizi chache amepata ufunguo wa maneno mengi, wala hatadhani kwamba mai ni neno la kigeni, hali ni maji yale yale ayanywayo kila siku.

Pili, khati. Herufi za Kiarabu hazikuwekwa kwa ajili ya sauti za Kiswahili. Waandishi wengi wa zamani waliandika kwa ba sauti tatu, yaani b, p na mb; na kwa fa waliandika f na v; na kwa dali, d na nd. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa huweza kusomwa baba, au papa, au pamba. Kadhalika fua na vua huandikwa sawasawa, na moja ni kazi ya dobi, la pili ni kazi ya mvuvi.

Basi msomaji ataamua kwa nini? Ataamua kwa mizani, kwa kina, na kwa maana ya ubeti mzima. Katika Al-Inkishafi kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani 10. Ama utenzi wa kawaida una mizani 8. Ujue kwamba m au n isimamayo peke yake huhesabiwa mizani moja: mtu ni mizani 2, na nti ni mizani 2. Ukihesabu ukapata 9 au 11 mahali pa 10, yamkini umelisoma neno visivyo, au mnakili amelikosea. Mistari mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne una kina chake kirudicho hatta mwisho wa shairi. Walakini mizani haipambanui baba na papa. Hapo maana ndiyo kadhi.

Tatu, makusudio, na hili ndilo zito kuliko yote. Mtu aweza kujua kila neno, akadhani kwamba shairi ni khabari za Pate tu. Na sisi tuna Pate yetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka wa 1331 akausifu mji ule kwa uzuri. Wareno wakaushambulia mwaka wa 1505. Na leo Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu wa Kisiwani ni magofu yanayozuriwa na wageni. Na hapa Kivinje, katika karne ya 19, misafara ya bara, hatta ya pande za Ziwa Nyasa, ilishukia pwani kwa pembe na kwa watumwa. Majumba ya mawe yakajengwa, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa thamani ya watu waliouzwa. Leo mengi yameanguka, na Boma la Wadachi nalo limebomoka. Mtungaji auliapo waliko wenye majumba, msomaji wa Kivinje hana haja ya kusafiri ili kulielewa swali lake.

Lakini angalia neno moja wasomaji wengi walipitalo. Mtungaji hamsemezi jirani yake, wala hawakemei matajiri wa mjini. Ausemeza moyo wake mwenyewe. Basi mwenye kulisoma shairi hili ili amlaumu mwenziwe, hajalisoma bado, ingawa amezijua lahaja zote na mizani zote. Mahali pa moyo wa mtungaji, msomaji na auweke moyo wake.

Zoezi. Kwanza, tafuta maneno mengine matano yafuatayo kanuni tulizozitaja. Pili, hesabu mizani za beti tatu za utenzi wowote uujuao. Tatu, mwendee mzee mmoja mwenye kuhifadhi mashairi, umwulize maana ya maneno yaliyokushinda, na uyaandike siku ile ile. Kwani karatasi yaliwa na mchwa, na mwenye kujua maana naye hafungi safari yake kwa kutungoja.

Wabillahi taufiki.