Kiota cha nyigu si shabaha!

Umeona kiota cha nyigu darini, hapo kwenu Runazi? Usikitupie jiwe. Usikichome kwa mafuta ya taa pia, nyumba itaungua. Nyuki akikuuma huacha mwiba, kisha hufa. Nyigu haachi mwiba, ndiyo maana huuma tena na tena. Mwambie mzazi amwite fundi anayeijua kazi hiyo: huvaa nguo nzito, hufunika uso, na huja usiku nyigu wakiwa wametulia.

Na ukiumwa je? Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Lakini midomo ikivimba au pumzi ikibana, hapo si mchezo. Mgonjwa akimbizwe kituo cha afya mara moja, kwani anaweza kufa.