Mradi wa watu kumi usiubebe peke yako

Mdogo wangu wa Kalemng'orok, barua yako nimeisoma, na naijibu hapa mbele ya wote kwa sababu wenye shida kama yako ni wengi. Kikundi chenu kina watu kumi. Mnataka shamba la mboga kando ya mto Turkwel, upande wa Katilu, lenye pampu ya sola, na mmeitwa Lodwar mkaueleze mradi huo mbele ya watu wenye pesa. Mwenyekiti amesema yeye ndiye atakayezungumza. Wewe katibu unaandika usiku kwa tochi ya simu, na wenzako wanachouliza ni kama kutakuwa na posho. Unataka nikufundishe kuandika vizuri ili mkubaliwe.

Kuandika tutafika. Kwanza nikukumbushe Kalokol, kule Ziwa Turkana, kwani kila kijana wa Turkana anayepanga mradi anapaswa kuijua habari ile. Norway, kupitia shirika lake la misaada la Norad, ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki, kikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema: watu waliopoteza mifugo kwa ukame wavue, na samaki wao wafike masoko ya mbali. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana, kikafungwa. Kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikawa kubwa kuliko mapato. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki wengi, ikakaukiwa na maji. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu, wale wale ambao wavuvi huwakausha kwa jua na chumvi bila mashine yoyote.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba Waturkana ndio walioshindwa. Mimi silikubali hilo hata kidogo. Kilichokosekana ni majibu ya maswali ya kawaida kabisa: stima italipwa na nani? Maji safi yatatoka wapi? Ziwa likirudi nyuma, itakuwaje? Hilo la mwisho angeulizwa mzee yeyote wa pale ziwani, angekuwa na la kusema.

Basi, kabla hujaongeza ukurasa mwingine, waite wenzako wote mkae chini ya mti, na uwaulize mambo ya shamba lenu. Nani atafungua maji alfajiri? Nani atalinda ua wa miiba mbuzi wasiingie, hasa wakati wa kiangazi ambapo shamba lenu ndilo litakalokuwa na kijani peke yake? Turkwel ikifurika, pampu itahamishwa na nani, hadi wapi? Ikiharibika, fundi yuko Lodwar au ni mpaka atoke Kitale, na nauli yake mmeiweka kwenye bajeti? Nyanya zikiiva zote kwa wiki moja, zitauzwa barabarani hapo Kalemng'orok, au kuna mtu atakayezipeleka Lokichar? Mbele ya kila swali andika jina la mtu, na jina la pili la atakayeshika kazi wa kwanza akiugua au akisafiri. Wale wa posho watachukua kazi au wataondoka. Afadhali waondoke sasa kuliko pampu ikishafungwa.

Bei usizikisie. Ingieni maduka mawili Lodwar, muulize bei ya pampu, bomba na mbegu, mrudi na karatasi zenye mhuri wa duka. Andikeni pia mchango wenu wenyewe: kukata miiba, kuchimba mifereji, kulinda zamu ya usiku. Watu wengi huuacha nje kwa kuwa hauna risiti, na ndio unaoonyesha kwamba mradi ni wenu.

Tena msiahidi msichokipima. Mnakumbuka mwaka 2013 ilipotangazwa kwamba chini ya ardhi ya Lotikipi, kwetu Turkana, kuna maji mengi mno? Taifa zima lilishangilia. Visima vilipochimbwa kupima, maji yakaonekana yana chumvi. Kwa hiyo mkisema mtalisha soko la Lodwar na Kakuma, na hamjawahi kulima hata robo ekari pamoja, mwenye kusikiliza atawashuku. Semeni mtaanza na robo ekari.

Sasa kuhusu nani azungumze. Mwenyekiti afungue, awatambulishe. Hesabu izungumzwe na mweka hazina, kwa sababu swali la hesabu likija, mwenyekiti atageuka kumtazama yeye, na wote watamwona akigeuka. Pampu aieleze atakayeishughulikia, hata kama Kiingereza chake ni kidogo. Aombe kusema Kiswahili. Nawe uliyeandika, dai sehemu yako ya kusimama. Wasichana wetu wa Turkana wameandika kumbukumbu za mikutano vya kutosha huku wengine wakizisoma kwa sauti.

Mfanye mazoezi mbele ya watu wagumu, si marafiki. Mwombe mzee anayelisha mifugo mahali mnapotaka kulima awasikilize. Akikasirika, mmejua mapema kwamba mna mazungumzo ya ardhi ya kumaliza kabla ya Lodwar. Msitegemee projekta pia, stima ikipotea msikose la kusema. Choreni shamba kwenye karatasi kubwa moja.

Wiki hii nenda kwa mama anayeuza nyanya barabarani hapo Kalemng'orok, umuulize ni mwezi gani zinamwozea na mwezi gani anazikosa, halafu uniandikie alichokwambia.