Chakula na Macho Yetu

Nilipokwenda nyumbani kwa likizo mwaka juzi, nilimkuta mdogo wangu, mtoto wa miaka mitano, akijigonga kwenye viti na kukanyaga vyombo kila jua lilipotua. Mchana alicheza vizuri kama wenzake. Sisi tulidhani ni utundu, na mimi mwenyewe nilimkaripia. Mama alipompeleka zahanati, mganga aliuliza mambo mawili: je, mtoto ameugua surua? Na chakula chake ni nini? Kweli alikuwa ametoka kuugua surua, nayo hupunguza vitamini A mwilini. Na karibu kila siku alikula ugali mweupe na maharage. Mganga akasema kwamba mtoto haoni gizani kwa kukosa vitamini hiyo.

Wasomaji wapenzi, yafaa tujue jambo hili hutokeaje. Nyuma ya jicho pana utando upokeao mwanga. Ndani yake mna chembe za kuonea penye mwanga hafifu, nazo hutumia rangi maalum itengenezwayo kwa vitamini A. Vitamini hiyo ikipungua, rangi nayo hupungua, na mtu hushindwa kuona jioni. Asipotibiwa, macho hukauka, kioo cha mbele hupata vidonda, na huweza kupofuka kabisa.

Vitamini A hupatikana katika maini, kiini cha yai na maziwa. Mboga na matunda mengi yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mifano ni mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, karoti, maembe mabivu, mapapai, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Viazi vyeupe vina karotini kidogo mno.

Lakini karotini huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu haitupi faida yake yote. Basi tia mafuta kidogo, au tui la nazi, au karanga zilizotwangwa. Usiipike muda mrefu mno. Na ukitaka kuikausha, ianike kivulini, kwa maana jua kali huharibu karotini.

Wengine hudhani kwamba karoti huyapa macho mazima nguvu zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walieneza habari kwamba marubani wao waliona ndege za adui usiku kwa kula karoti. Kumbe walikuwa na rada! Vivyo hivyo, mwanafunzi asiyeona ubao kwa mbali hatapona kwa karoti. Huyo apimwe macho, pengine atahitaji miwani.

Mdogo wangu alipewa dawa ya vitamini, na baada ya siku chache alianza kuona jioni. Sasa mama amepanda mchicha na mipapai nyuma ya nyumba. Nami kila nionapo mchicha umeachwa kwenye sahani bwaloni, hukumbuka nilivyomkaripia mtoto asiye na kosa.

Wenzangu, tule mboga zetu. Nanyi wazazi wetu, mtoto akijikwaa kila jioni, msimgombeze. Mpelekeni zahanati upesi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne