Seli Shina ni Seli ya Shinani: Jinsi Ishara Zinavyotawala Utando wa Utumbo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna seli shina zilizomo katika utando wa ndani wa utumbo zinavyoongozwa na ishara za kikemikali zinazotoka kwa majirani zake. Hoja yetu kuu ni kwamba seli huwa shina kwa sababu ya mahali ilipo na ujumbe unaoifikia hapo, zaidi ya sifa yoyote iliyozaliwa nayo. Aidha, tunaipima istilahi 'seli shina' kwa mizani ya ukweli huo, na kuonyesha maafa yanayozuka ujumbe unapokosa kukoma.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kufafanua mawasiliano hutaja mtoaji ujumbe, mpokeaji, ujumbe wenyewe, njia, msimbo na muktadha. Kielelezo hiki cha Roman Jakobson, kilichochapishwa mwaka wa 1960, tumekikariri sote katika kozi za isimu na za fasihi. Lisilozoeleka ni kwamba ndani ya tumbo la msomaji, hivi sasa anaposoma sentensi hii, mawasiliano yenye viungo hivyo vyote yanaendelea, na uhai wake unayategemea.

Huenda msomaji akauliza biolojia imeingiaje katika jarida la Kiswahili. Mwandishi ana sababu mbili. Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kumweleza mgonjwa kinachotendeka mwilini mwake ni rasmi kwa jina tu. Pili, mwandishi aliwahi kuketi kando ya shangazi yake hospitalini, daktari akieleza kwa Kiingereza matokeo ya uchunguzi wa utumbo mpana. Maelezo yalichukua takriban dakika kumi. Shangazi akamgeukia mpwa wake, mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu, akamwuliza: "Amesema nini, mwanangu?" Jibu alilopata lilikuwa maneno matatu: "Kuna uvimbe, shangazi." Makala haya ni jitihada ya kulikamilisha jibu hilo.

2.0 Mandhari ya Utando

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita sita. Upande wake wa ndani umefunikwa na utando ambao unene wake ni wa seli moja tu. Utando huo haukulala bapa. Mahali pengine umeinuka na kufanya vijidole vidogo mno vinavyochomoza kuelekea chakula kinakopita. Baina ya vijidole hivyo umedidimia na kufanya vishimo. Vishimo hivi vinaitwa kwa jina la Johann Nathanael Lieberkühn, daktari Mjerumani aliyeviandika mwaka wa 1745.

Kazi ya utando huu ni ngumu. Huchubuliwa na chakula, huchomwa na kemikali za kuyeyushia chakula, na huishi jirani na bakteria wasiohesabika. Kwa hivyo seli zake hazidumu. Seli nyingi huzaliwa kishimoni, hupanda taratibu ukutani kuelekea ncha ya kijidole, na zikifika kileleni hubanduka na kuondoka pamoja na mabaki ya chakula. Safari nzima huchukua takriban siku nne au tano. Ni kama paa la makuti linaloezekwa upya kila wiki ilhali wenye nyumba wamo ndani wala hawajahisi tone la mvua.

Wakazi wa utando ni wa aina mbalimbali. Walio wengi ni seli za kufyonza chakula. Wapo pia seli za ute, ambazo hulainisha na kulinda, na seli zinazotoa homoni. Chini kabisa ya kishimo hukaa seli za Paneth, ambazo zinakwenda kinyume na wenzao: badala ya kupanda hushuka, huishi kwa majuma kadhaa, na hutoa kemikali za kuua bakteria. Aina hizi zote zina mzazi mmoja, yaani seli shina.

Seli shina hizo ziko wapi? Mwaka wa 1974, Hazel Cheng na Charles Leblond wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza kwamba ni zile seli nyembamba zilizobanwa katikati ya seli za Paneth. Uthibitisho wa moja kwa moja ulipatikana mwaka wa 2007, wakati Nick Barker na wenzake katika maabara ya Hans Clevers mjini Utrecht, Uholanzi, walipogundua kwamba seli hizo hubeba protini iitwayo Lgr5. Walizitia rangi ya kudumu seli zenye alama hiyo katika panya wa maabara, wakangoja. Utepe wa rangi ulianzia chini ya kishimo ukapanda hadi ncha ya kijidole: watoto na wajukuu wa seli zilizotiwa rangi walikuwa wameujaza ukuta mzima. Kishimo kimoja cha panya kina takriban seli 15 za aina hiyo, na kila moja hugawanyika karibu mara moja kwa siku.

3.0 Ishara Nne na Maana Zake

3.1 Wnt: 'Baki kuwa shina'

Ishara kuu ni jamii ya protini ziitwazo Wnt. Jina hili ni unganisho la majina mawili ya jeni: moja la nzi aliyekosa mabawa, na jingine, Int1, lililogunduliwa na Roel Nusse na Harold Varmus mwaka wa 1982 katika uvimbe wa matiti ya panya. Baadaye ilibainika kwamba jeni hizo mbili ni moja katika wanyama wawili tofauti.

Ili kuielewa kazi ya Wnt, sharti tuanze na hali ya ukimya. Ndani ya seli isiyopata ujumbe, protini iitwayo beta-katenini hutengenezwa na kuharibiwa bila kukoma. Kundi la waharibifu lina wanachama kadhaa, na mmoja wao, APC, tutakutana naye tena. Wnt inapofika na kukamata vipokezi vilivyo juu ya seli, kundi hilo huzuiwa kufanya kazi. Beta-katenini hurundikana, huingia katika kiini cha seli, hushikana na protini za jamii ya TCF, na kwa pamoja huamsha jeni zinazoidumisha seli katika hali ya ushina. Mwaka wa 1998 ilidhihirika kwamba panya waliozaliwa bila Tcf4 hawakuwa na seli zinazogawanyika katika utando wa utumbo mwembamba, na walikufa punde baada ya kuzaliwa.

Kuna utaratibu wa ziada unaopaswa kutajwa. Vimeng'enya viwili, RNF43 na ZNRF3, huviondoa vipokezi vya Wnt juu ya seli, mithili ya mtu anayeziba masikio. Protini nyingine, R-spondini, huvizuia vimeng'enya hivyo, lakini hufanya hivyo kwa kushikana na Lgr5. Kumbe alama iliyowawezesha watafiti kuitambua seli shina ni sehemu ya sikio lake.

3.2 Notch: ujumbe wa kugusana

Wnt huenda masafa mafupi. Notch haiendi popote. Mtoaji na mpokeaji lazima wagusane, kwa sababu ujumbe wenyewe umepachikwa juu ya seli inayoutoa. Seli inayopokea Notch hubaki shina au huelekea kuwa ya kufyonza. Seli isiyoipokea hugeuka kuwa ya kutoa ute, homoni au kemikali za kinga. Mwaka wa 2005 watafiti waliizima Notch katika panya, na seli zilizokuwa zikigawanyika vishimoni zikageuka kuwa seli za ute.

3.3 EGF na BMP: 'gawanyika' na 'komaa'

Ishara ya EGF huihimiza seli igawanyike. BMP, kwa upande wake, huiambia ikome kugawanyika na ikomae. BMP ina nguvu huku juu kwenye vijidole na ni dhaifu chini kishimoni, kwa kuwa tishu zilizo chini ya utando hutoa vizuizi vyake, miongoni mwavyo nogini na gremlini. Hivyo seli inayopanda huhama kutoka eneo la Wnt hadi eneo la BMP, na umri wake tunaweza kuusoma kwa kutazama imefika wapi.

4.0 Je, Ushina Uko Ndani au Nje?

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Tungeweza kudhani kwamba seli shina ni ukoo maalumu wenye sifa isiyofutika. Ushahidi unatuelekeza kwingine.

Mwaka wa 2009, Toshiro Sato na wenzake, katika maabara hiyohiyo ya Utrecht, walichukua seli moja ya Lgr5, wakaiweka katika ute mzito, wakaipa R-spondini, EGF na nogini. Seli hiyo moja ilikua ikawa utumbo mdogo wenye vishimo na aina zote kuu za seli. Mwaka wa 2011 walionyesha kwamba seli za Paneth ndizo jirani anayetoa Wnt, EGF na ujumbe wa Notch. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba panya wasio na seli za Paneth bado hudumisha utando wao, maana tishu zilizo chini yake pia hutoa Wnt. Mtoaji ujumbe anaweza kubadilika; ujumbe ndio usioweza kukosekana.

Mwaka wa 2010, makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba seli shina za kishimo kimoja hushindania nafasi. Moja ikigawanyika, nyingine husukumwa juu na kupoteza ushina wake. Baada ya muda, kishimo kizima huwa cha uzao wa seli moja, na mshindi hupatikana kwa bahati tu. Hatimaye, mwaka wa 2011, seli zote za Lgr5 ziliangamizwa katika panya, na utando ukaendelea kujitengeneza. Tafiti zilizofuata zilibaini kwamba seli zilizokwisha kuanza kukomaa zinaweza kurejea chini, kupata ujumbe, na kuwa shina tena.

Basi ushina ni cheo anachokipata mwenye kukalia kiti, na akiondoka kiti humpata mwingine.

Matokeo haya yanatudai tuirejelee istilahi yetu. Neno 'shina' hutujengea picha ya asili na chimbuko, na kwa maana hiyo linaweza kutupotosha tukadhani sifa imo ndani ya seli. Hata hivyo, Kiswahili kina hazina ambayo hatujaitumia. Tunasema mtu ameketi shinani mwa mti; tunasema kiongozi amerudi mashinani. Katika matumizi hayo shina ni mahali, na kiambishi '-ni' kinathibitisha. Seli shina ya utumbo ni seli ya shinani: iko chini kabisa, pale ujumbe unaposikika. Pendekezo letu ni kwamba istilahi 'seli shina' idumishwe, ila ifundishwe kwa maana yake ya mahali pamoja na ile ya chimbuko.

5.0 Ujumbe Usiokoma

Turudi kwa APC, mwanachama wa kundi la waharibifu. Katika utumbo mpana, ambao una vishimo lakini hauna vijidole, jeni ya APC huharibika katika takriban asilimia 80 ya saratani zote. APC ikikosekana, beta-katenini haiharibiwi hata pasipo Wnt. Seli husikia amri ambayo haikutolewa na yeyote. Inapanda juu, mahali inapopaswa kukomaa na kubanduka, lakini bado inajiona iko shinani. Watoto wake hurundikana na kufanya uvimbe mdogo.

Wapo watu wanaorithi nakala mbovu ya jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka wa 1991. Mamia au hata maelfu ya vivimbe huanza kuota katika utumbo wao tangu ujana. Mwaka wa 2009 Barker na wenzake walionyesha kwamba APC ikiondolewa katika seli shina za panya, vivimbe hukua upesi. Ikiondolewa katika seli zilizokwisha kuanza kupanda, ni nadra vivimbe vikubwa kutokea.

Je, mbona Wnt isizimwe kwa dawa? Tatizo ni kwamba utando wenye afya unaihitaji kila siku. Ndiyo sababu pia dawa za saratani zinazoua seli zinazogawanyika upesi huwaletea wagonjwa wengi kuhara: zinapiga adui na mlezi kwa pamoja. Habari njema ni kwamba uvimbe mdogo kwa kawaida huchukua miaka mingi, aghalabu kumi au zaidi, kabla ya kuwa saratani, na ukigunduliwa mapema huweza kuondolewa kabla haujafika huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba utando wa utumbo hudumu kwa sababu seli zake husikilizana: Wnt huhifadhi, Notch hugawa kazi, EGF huhimiza, BMP hukomesha. Tumeona pia kwamba afya inahitaji ujumbe ufike na, vilevile, ujumbe ukome. Haya yote yameelezeka kwa Kiswahili, na pale istilahi ilipokosekana maneno ya kawaida yametosha.

Lau shangazi angeuliza tena, mwandishi angemjibu hivi: "Shangazi, ndani ya utumbo kuna seli zinazozaliwa na kuondoka kila wiki. Zinaambiwa lini zizaane na lini ziache. Hapa pamoja, chache zimeacha kusikia neno 'acha'. Daktari anataka kuziondoa kabla hazijawa nyingi." Hayo ni maneno ambayo mgonjwa anaweza kuyabeba hadi nyumbani, na kuyaulizia maswali.

Maswali ya Marudio

1. Kwa kurejelea kielelezo cha Jakobson, bainisha mtoaji, mpokeaji, njia na muktadha katika ishara za Wnt na Notch.
2. "Ushina ni cheo." Jadili kauli hii kwa kutumia ushahidi wa miaka ya 2009 hadi 2011.
3. Pendekeza istilahi mbadala za 'kishimo' na 'kijidole' cha utumbo, kisha utetee uteuzi wako.