SOMO LETU: USHAHIDI KATIKA SHAURI LA TALAKA



Huku Ufipa husemwa, "Kijiji kizima kinajua anavyomtesa mkewe." Lakini mahakama haiamui kwa uvumi. Basi tujifunze.

1. Cheti. Kwa kawaida, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka wanandoa wapite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa cheti. Siku ya kufungua shauri, cheti kisiwe kimepita miezi 6.

2. Sababu. Anayedai ndiye athibitishaye kwamba ndoa imevunjika kabisa. Ugoni, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi huweza kuonyesha hivyo. Aliyepigwa atunze fomu ya polisi, PF3, na karatasi za hospitali.

3. Shahidi. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za ushahidi za mwaka 1964. Shahidi aseme aliyoyaona au kuyasikia mwenyewe. Jirani mmoja aliyeona majeraha anafaa kuliko kumi walioambiwa kisimani.

4. Mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mama asiye na risiti asikate tamaa; waitwe wanaoijua kazi yake.

Nasi tukiitwa, tuikumbuke Amri ya Tisa. Tukimwongezea chumvi tunayemhurumia, uongo ukigunduliwa, hata kweli yake haitaaminiwa.

Swali: Je, tuliyoyasema juu ya jirani, tuliyaona?