Vifuko vya tegu mahali pasipotarajiwa

SIKU moja aliletwa kwangu hapa Kakamega mama wa watoto wanne aliyekuwa akianguka kifafa kwa muda wa miaka miwili. Mumewe alikuwa ameshamaliza fedha kwa waganga, maana majirani walisema mkewe amerogwa. Nilimwandikia dawa za kifafa, akaenda zake. Aliporudi mara ya tatu ndipo aliponionyesha, kama jambo la kando tu, uvimbe mdogo mgumu kama punje ya haragwe chini ya ngozi ya mkono wake. Nilipompapasa nikakuta mwingine mgongoni na wa tatu kifuani. Haukuwa na maumivu hata mmoja. Nilijilaumu kwa kutompapasa siku ya kwanza.

Picha ya skani ilionyesha vifuko vya maji ndani ya ubongo, na katika kimoja palikuwa na nukta nyeupe. Nukta hiyo ndiyo kichwa cha mnyoo. Mume akaniuliza: "Daktari, kwetu hatuli nyama ya nguruwe. Mdudu huyu ametoka wapi?" Leo tutalijibu swali hilo.

NJIA MBILI ZA TEGU

Tegu wa nguruwe, ambaye wataalamu humwita Taenia solium, humwingia binadamu kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kula nyama ya nguruwe yenye vifuko ambayo haikuiva. Vifuko hivyo huonekana katika nyama mithili ya punje nyeupe za mchele. Ndani ya utumbo hugeuka kuwa tegu mwenye urefu wa mita kadhaa. Mwenye tegu huweza kukaa miaka bila kuumwa, huku akitoa maelfu ya mayai kwa choo kikubwa.

Njia ya pili ni kumeza mayai hayo. Yakiwa tumboni huanguliwa, na viluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kusafirishwa hadi kwenye misuli, chini ya ngozi, ndani ya jicho au katika ubongo. Huko kila kimoja hujijengea kifuko. Haya ndiyo maradhi yaitwayo sistisakosisi.

Basi nyama ya nguruwe humpa mlaji tegu, lakini vifuko vya ubongoni hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Mayai hufika kinywani kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga zilizooshwa vibaya au kwa maji machafu. Kwa hiyo Mwislamu wa Mumias au Msabato wa Malava anaweza kuugua sawa na jirani yake mla nguruwe. Mapema katika miaka ya 1990 huko New York, Marekani, Wayahudi wasiogusa nguruwe kabisa walipatikana na vifuko ubongoni. Uchunguzi ulielekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu na ambao walikuwa wakiwapikia.

Kwa mgonjwa wangu ilikuwa hivyo hivyo. Tuliipima jamaa yote, na kibarua aliyekuwa akiishi nao na kula nao akapatikana na tegu. Hakuwa na kosa, kwa sababu hakujua.

DALILI HUFUATA MAHALI

Kifuko kikiwa chini ya ngozi au katika misuli, aghalabu ni uvimbe mdogo tu usiouma. Kikiwa jichoni, mgonjwa huona kivuli kikielea, au macho huanza kupoteza nguvu. Kikiwa ubongoni huleta kifafa, maumivu makali ya kichwa na kutapika.

Jambo la ajabu ni kwamba kifuko chaweza kukaa ubongoni miaka kimya. Kifafa mara nyingi huanza pale mdudu anapokufa, kwani mwili huutambua mzoga wake na sehemu ile huvimba. Shirika la Afya Duniani, WHO, lasema kwamba katika sehemu nyingi ambako watu huishi pamoja na nguruwe wanaozurura, tegu huyu ndiye chanzo cha kama asilimia 30 ya visa vya kifafa. Kwa hiyo mtu mzima anayeanza kuanguka bila historia ya kifafa asipelekwe kwa mganga. Apelekwe hospitalini.

UCHUNGUZI

Mwonyeshe daktari kila uvimbe ulio nao, hata kama si uliokuleta. Picha ya eksirei ya mapaja huweza kuonyesha vifuko vya zamani vilivyogeuka chokaa. Skani ndiyo hutoa jibu la ubongo, na kipimo cha damu husaidia. Kipimo cha choo peke yake hakitoshi, kwani mwenye vifuko huenda hana tegu tumboni. Pia si kila uvimbe ni wa mnyoo: kuna mafuta, kifua kikuu cha tezi na hata saratani.

MATIBABU

Hapa pana hatari, kwa hiyo soma polepole. Usinunue dawa ya minyoo dukani ukaimeza kwa siku nyingi ukidhani unajitibu. Albendazoli na prazikwanteli huua vifuko, lakini vikifa kwa pamoja ubongo huvimba, na mgonjwa aweza kupata kifafa kikali au kufa. Kifuko kikifia jichoni chaweza kupofusha. Ndiyo maana macho huchunguzwa kwanza, kisha mgonjwa hupewa dawa za kifafa na steroidi za kupunguza uvimbe. Baada ya hapo ndipo albendazoli huanza, kwa siku 10 hadi 14 au zaidi, chini ya uangalizi wa daktari.

Kifuko cha jichoni huhitaji upasuaji. Kilichokwisha kugeuka chokaa hakihitaji dawa ya minyoo, bali dawa za kifafa tu. Uvimbe wa chini ya ngozi usiosumbua waweza kuachwa.

Kuna na vifuko vya tegu wa mbwa, yaani haidatidi, vinavyojulikana sana Turkana, ambako AMREF iliendesha mpango wa kuvidhibiti kuanzia miaka ya 1980. Hivi hukua taratibu, hasa katika ini na mapafu, lakini vimeonekana pia katika wengu, figo, mifupa na ubongo. Kamwe uvimbe wa namna hii usitobolewe ovyo. Maji yake yakimwagika mwilini huweza kumwua mgonjwa papo hapo, au kuzaa vifuko vipya.

KINGA

Jenga choo na ukitumie, watoto pia. Nguruwe afungiwe bandani, asizurure kutafuta kinyesi. Nyama yake inunuliwe ikiwa imekaguliwa, na iive hadi ndani, maana kuichoma juujuu hakuui vifuko. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kula, na uoshe mboga zinazoliwa mbichi kwa maji safi. Ukiona vipande bapa vyeupe katika choo chako, nenda ukatibiwe mara moja ili usiwaambukize wa nyumbani kwako. Wafugaji waulize daktari wa mifugo kuhusu oksifendazoli, dawa inayoua vifuko katika nguruwe.

Mama yule angali anameza dawa za kifafa, lakini ana zaidi ya mwaka hajaanguka. Amerudi kupika mwenyewe, kazi aliyokuwa amekatazwa kwa kuogopa moto. Kibarua wao alitibiwa kwa dawa ya siku moja, na bado anaishi nao.